Ibn al-Haytham: Mwanachuoni Aliyelihakiki Jicho

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila mwaka inapofika tarehe 29 Shaaban, Waislamu wa Mbarara hutoka nje baada ya Maghribi wakatazama upande wa magharibi. Wenzao wa makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hufanya vivyo hivyo huko Base Camp, Juru na Rubondo. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala kama mtumbwi, nao ni uzi mwembamba tu ndani ya wekundu wa machweo. Mmoja husema ameuona. Aliyesimama ubavuni pake, mwenye macho mazima na moyo safi, hasemi kitu. Hapo swali huwa la fiqhi, kwa sababu saumu ya watu inasubiri jibu. Lakini chini ya swali la fiqhi kuna swali jingine la zamani zaidi: jicho ni shahidi wa kuaminiwa kiasi gani, na shahidi huyo anapimwa kwa nini?

Mtu aliyelishughulikia swali hilo kuliko wengi waliomtangulia ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham, rahimahullah. Wazungu wa zama za kati walimwita Alhazen. Picha yake, iliyochorwa kwa kukisia, iliwahi kuwekwa kwenye noti ya dinari 10,000 ya Iraq. Mwaka 2015, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nuru, UNESCO ilimkumbuka yeye na kitabu chake kwa kutimia takriban miaka elfu moja. Tumtazame basi maisha yake, kisha tuone kwa nini mwanafunzi wa leo, hata yule anayesoma hadithi na usuli kama mimi, ana deni kwake.

Kijana wa Basra

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra yapata mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia, wakati Iraq ikiwa mikononi mwa masultani wa Kibuwayhi na Khalifa wa Bani Abbas akibaki na jina zaidi kuliko amri. Basra ulikuwa mji wa bandari. Merikebu zake zilikwenda India na zilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na katika mitaa yake walikuwepo Waarabu, Waajemi, Wahindi na Wazanji. Ulikuwa pia mji wa elimu: nahau ya Kiarabu ilikulia hapo, na mijadala ya madhehebu haikukoma.

Katika wasifu unaonasibishwa naye, uliohifadhiwa na Ibn Abi Usaybia, anaelezwa kijana aliyesumbuliwa na jambo moja. Aliona kila kundi limeshikilia rai yake kwa nguvu, wakati haki ni moja. Akawa na shaka na wote. Hakuishia kwenye shaka, bali aliifanya shaka hiyo kuwa kazi ya kutafuta njia itakayomfikisha kwenye yakini. Akaona kwamba njia hiyo inapita kwenye mambo yanayohisiwa na kupangwa kwa akili.

Wakati huo vitabu vya Wayunani vilikuwa vimeshatafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad zaidi ya miaka mia iliyopita. Kuhusu kuona, walikuwepo wenye rai mbili kubwa. Wanahesabu waliomfuata Euclid na Ptolemy walisema jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu, kama kipofu anavyopapasa kwa fimbo. Wanafalsafa waliomfuata Aristotle walisema sura ya kitu ndiyo inayokuja kwenye jicho. Wa kwanza walikuwa na hesabu nzuri na maelezo dhaifu ya maumbile. Wa pili walikuwa na maelezo ya maumbile lakini hawakuwa na hesabu. Kila upande ulikuwa na hoja, na hakuna aliyekuwa amekaa akaujaribu ukweli wake hatua kwa hatua.

Safari ya Nile

Kisa chake mashuhuri kinahusu maji ambayo sisi wa Mbarara tunayajua. Mto Rwizi unaopita mjini kwetu huelekea mashariki kwenye maziwa na matinga ya upande wa Mburo na Nakivale, nalo eneo hilo lote ni sehemu ya bonde la Ziwa Viktoria. Kutoka ziwa hilo, pale Jinja, unaanza mwendo wa Nile kuelekea kaskazini hadi Misri. Mafuriko makubwa ya kila mwaka yaliyowalisha na kuwatisha Wamisri yalitoka zaidi kwenye nyanda za juu za Ethiopia, lakini maji yetu pia yalikuwa humo.

Inasimuliwa kwamba Ibn al-Haytham, akiwa bado Iraq, alisema kwamba lau angekuwa Misri angeufanyia Nile kazi ya kuwanufaisha watu wakati wa kujaa na wakati wa kupungua. Maneno yakamfikia al-Hakim, mtawala wa Kifatimi aliyetawala Cairo kuanzia 996 hadi 1021. Al-Hakim alipenda elimu, na pia alijulikana kwa hasira isiyotabirika. Watu wake wa karibu waliuawa kwa amri yake. Akamwita Ibn al-Haytham, akampokea kwa heshima, akampa mafundi na zana, akamtuma kusini.

Msafara ukapanda mto hadi mahali panapoitwa al-Janadil, kusini ya Aswan, penye miamba na maporomoko. Njiani aliona majengo ya Wamisri wa kale, namna yalivyopimwa na kujengwa kwa ustadi. Akatambua jambo zito: watu waliojua kujenga hivyo, lau kazi ya kuufunga mto ingewezekana kwa uwezo wa zama hizo, wangekwisha kuifanya. Alipofika al-Janadil na kupakagua, akahakikisha kwamba alichokisema akiwa mbali hakilingani na mahali penyewe. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1902 ndipo bwawa la kwanza la Aswan likamilike, na hadi 1970 ndipo bwawa kuu likamilike.

Hapo ndipo kilipo kipimo cha mtu. Angeweza kuanza kazi, akala fedha za mtawala miaka kumi, akawalaumu mafundi. Alirudi Cairo akakiri kuwa haiwezekani. Al-Hakim akaupokea udhuru wake kwa nje na kumpa kazi ya ofisini. Lakini Ibn al-Haytham alijua anakaa karibu na moto. Basi, kwa mujibu wa kisa, akajifanya amepungukiwa akili. Mali yake ikawekwa chini ya uangalizi, naye akafungiwa nyumbani mwake, akabaki hivyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria, sawa na 1021 Miladia. Baada ya hapo akaidhihirisha akili yake, akatoka, akakaa katika kuba karibu na mlango wa Msikiti wa al-Azhar.

Tumhakiki na msimulizi

Ndugu msomaji, sisi tunaosoma mustalahul hadith hatuwezi kupokea kisa kitamu bila kuuliza kimetoka kwa nani. Kisa cha kujifanya mwendawazimu kimeandikwa na al-Qifti, aliyefariki mwaka 646 Hijria. Kati yake na al-Hakim kuna zaidi ya miaka mia mbili, na kwa sehemu hii hakuna isnadi iliyoungana. Kabla yake, al-Bayhaqi aliyefariki mwaka 565 Hijria aliandika kisa kingine: kwamba al-Hakim aliukataa mpango wa Nile, naye Ibn al-Haytham akahofia nafsi yake akakimbilia Sham. Visa viwili haviwezi vyote kuwa sahihi kwa kila sehemu. Mtafiti wa zama zetu, Roshdi Rashed, ameongeza kwamba huenda waandishi wa zamani walichanganya watu wawili wenye jina linalokaribiana, mwanahesabu al-Hasan na mwanafalsafa Muhammad. Mtafiti mwingine mkubwa, A. I. Sabra, hakukubaliana naye.

Je, tuutupe wasifu wote? Hapana. Tuupange kwa daraja zake. Al-Qifti huyo huyo anasema alikuwa na juzuu ya hesabu za maumbo iliyoandikwa kwa mkono wa Ibn al-Haytham mwenyewe, yenye tarehe ya mwaka 432 Hijria. Hiyo ni habari ya kitu alichokishika mkononi, na daraja yake ni ya juu kuliko kisa cha kusikia. Anasimulia pia, kutoka kwa rafiki yake tabibu Yusuf al-Fasi, kwamba Ibn al-Haytham alipata riziki kwa kunakili vitabu: kila mwaka alinakili Euclid, Ptolemy na vile vitabu vya kati vya hesabu, akauza kwa dinari 150 za Kimisri, na hizo zikamtosha mwaka mzima. Hapa angalau msimulizi ametajwa kwa jina. Na juu ya yote hayo vipo vitabu vyake vyenyewe, ambavyo tunaweza kuvifungua na kuvisoma. Hivyo ndivyo tunavyomjua: sehemu kwa yakini, sehemu kwa dhana yenye nguvu, na sehemu kwa kisa tu.

Naye angefurahi tukifanya hivyo. Katika kitabu chake cha shaka juu ya Ptolemy ameeleza kwamba anayetafuta haki asiwategemee waliotangulia kwa sababu tu ni wakubwa. Ayapinge maneno yao kwa hoja, na aituhumu hata nafsi yake mwenyewe anapoyasoma, asije akawaonea wala kuwapendelea. Mwanafunzi wa jarhi na taadili ataitambua njia hiyo mara moja.

Chumba chenye giza

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba juu ya nuru na kuona. Nakala ya kale ya sehemu yake, iliyoandikwa na mkwewe huko Basra mwaka 476 Hijria, imehifadhiwa Istanbul.

Humo hakuanza kwa kubishana. Alianza kwa kujaribu. Ukitazama jua, jicho linauma. Basi kuna kitu kinachoingia kwenye jicho na kulitenda. Ukitazama moto mkali kisha ukaingia mahali penye kiza, alama yake hubaki mbele yako kwa muda. Basi athari imekaa ndani ya jicho. Wale wanaosema miali hutoka jichoni hawahitajiki tena, kwa sababu hata wao wanalazimika kukubali kwamba kitu fulani kinarudi kwenye jicho ndipo lione.

Akapanga taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu moja dogo, na nyuma ya tundu kukawa na chumba chenye giza. Ukutani ndani ya chumba yakatokea madoa ya nuru kwa idadi ya taa. Alipoifunika taa moja, doa moja likatoweka, lile lililonyooka sawa na taa hiyo na tundu. Alipoifunua, likarudi mahali pake. Kwa kazi hiyo nyepesi alithibitisha mambo mawili: nuru husafiri kwa mstari ulionyooka, na nuru za taa tofauti hupita katika tundu moja bila kuchanganyika. Jaribio hili mwanafunzi yeyote anaweza kulirudia kwa boksi, msumari na taa tatu za sola, ziwe za Mbarara mjini au za Juru.

Kisha akaja kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Baada ya kueleza jicho linavyoona, akaandika juzuu nzima kuhusu jicho linavyokosea. Akataja masharti manane ya kuona sawasawa: umbali, kitu kuwa mbele ya jicho, nuru, ukubwa wa kitu, uzito wake usiopitisha nuru yote, usafi wa hewa iliyo kati, muda wa kutosha wa kutazama, na uzima wa jicho. Kila sharti lina wastani wake. Likizidi mno au kupungua mno, jicho hukosea, na aina ya kosa hufuata sharti lililovunjika. Maana yake ni kwamba hakusema jicho ni la kweli wala hakusema ni la uongo. Alisema: lijue lilipo, ndipo ujue uzito wa ushahidi wake.

Hata mwezi kuonekana mkubwa unapokuwa karibu na upeo wa macho, na mdogo unapokuwa juu, alilirudisha kwenye hukumu ya mtazamaji: akili hukadiria umbali, na makadirio hayo hubadilisha ukubwa tunaouona. Na yeye pia alikosea. Alidhani kwamba sehemu ya jicho inayopokea sura ni ile lenzi ya ndani. Mwaka 1604 Kepler, aliyejifunza kutoka kwenye kazi hiyo hiyo, alionyesha kwamba sura hutua nyuma ya jicho, kwenye retina. Haimpunguzii kitu. Aliyeweka mizani mezani ameruhusu na kazi yake ipimwe.

Kutoka jicho hadi kitambuzi cha fotoni

Twende sasa mbele miaka karibu elfu. Mwaka 1905 Einstein alipendekeza kwamba nuru huchukuliwa kwa vifungu vidogo visivyogawanyika, ambavyo baadaye viliitwa fotoni. Leza ndogo nyekundu ya miliwati 1 hutoa fotoni zaidi ya 3,000,000,000,000,000 kwa sekunde moja. Lakini leo wanafizikia wa kwantamu wanahitaji kuhesabu fotoni moja moja, kwa mfano katika kutuma siri ambazo haziwezi kudukuliwa bila kugundulika. Kwa kazi hiyo wanatumia kifaa kiitwacho kitambuzi cha fotoni moja. Fotoni ikiingia, kifaa hutoa mshituko mdogo wa umeme, na kompyuta huhesabu moja.

Wenzetu wanaosoma fizikia pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara wataniwia radhi nikieleza kwa lugha ya duka. Mizani ya dukani isiyohakikiwa ni balaa, na kitambuzi nacho ni mizani. Kina kasoro zake. Kwanza, hukosa fotoni nyingine zinazoingia. Vile vya silikoni hutambua takriban mbili kwa tatu ya nuru nyekundu katika hali yake nzuri, na vile vya nyuzi zinazopitisha umeme bila ukinzani, ambavyo hupozwa hadi chini ya nyuzi joto 270 za kuganda, huweza kupita asilimia 90. Pili, hulia hata gizani, pasipo na fotoni yoyote, kwa sababu ya joto la ndani yake. Tatu, baada ya kuhesabu moja huwa kiziwi kwa muda mfupi sana. Nne, mara nyingine hutoa mlio wa pili ambao ni mwangwi wa ule wa kwanza.

Jicho letu ni ndugu wa kifaa hicho. Mwaka 1942 Hecht, Shlaer na Pirenne walipima huko New York watu waliokaa gizani hadi macho yao yakazoea, wakakuta kwamba mtu huweza kuona mmweko ambao fotoni zake zilizonaswa ndani ya jicho ni kati ya 5 na 14 tu. Subhanallah. Na jicho hilo, kama kifaa, hukosa vingine na huota vingine.

Sasa unakihakiki vipi kifaa? Ukitaka kuhakiki mizani unaleta jiwe la kilo moja linaloaminika. Lakini fotoni moja huwezi kuishika mkononi ukaileta. Ipo njia moja yenye hekima kubwa, iliyoelezwa na mwanafizikia wa Kirusi David Klyshko mwaka 1980. Kuna fuwele ambazo fotoni moja ikipita ndani yake, mara chache huzaliwa fotoni mbili pacha kwa wakati mmoja. Pacha mmoja hupelekwa kwa kitambuzi cha kwanza, wa pili kwa kitambuzi cha pili. Cha kwanza kikilia, tunajua pacha wake lazima alikuwepo upande wa pili. Tuseme cha kwanza kimelia mara 10,000, na cha pili kimelia pamoja nacho mara 6,000. Basi cha pili, pamoja na njia inayoelekea kwake, kinatambua asilimia 60. Hatukuhitaji kujua cha kwanza kina uwezo gani. Tulihitaji tu kuitoa milio yake ya uongo, ile ya gizani, na sadfa za milio miwili isiyohusiana.

Niliposoma njia hii nilimkumbuka Ibn al-Salah na Utangulizi wake tunaousoma darasani. Dhabti ya mpokezi, yaani usahihi wa hifadhi yake, hujulikana kwa kuzilinganisha riwaya zake na riwaya za wapokezi wathabiti waliosikia kwa sheikh mmoja. Akiafikiana nao mara nyingi, ni mwenye dhabti. Akiwakhalifu mara nyingi, hifadhi yake ina kasoro. Wala fani hizi mbili hazikuazimana. Kila mmoja aliyelazimika kumpima shahidi asiye na jiwe la kilo alijikuta analeta shahidi wa pili na kuhesabu mara ngapi wamekutana.

Kunyamaza na kulia

Sasa turudi kwenye watu wawili wanaotazama magharibi. Kifaa kinatufundisha kwamba kuna makosa mawili tofauti, na hayahukumiwi kwa hukumu moja. Kukosa kilichopo ni kosa moja. Kuona kisichokuwepo ni kosa jingine. Ikiwa kitambuzi kinakosa mara nyingi lakini hakilii gizani, basi ukimya wake si dalili ya kitu, na mlio wake ni dalili nzito. Hii inatusaidia kuelewa kanuni ya usuli kwamba mwenye kuthibitisha hutangulizwa juu ya mwenye kukanusha, kwa kuwa ana ziada ya elimu.

Lakini kanuni hiyo ina masharti yake, na mafakihi waliyaona. Kwa Mashafii, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu Afrika Mashariki, rai yenye nguvu ni kwamba shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuanza Ramadhani, na Shawwal inahitaji wawili. Mahanafi wanatofautisha: anga likiwa na mawingu, mmoja mwadilifu anatosha kwa Ramadhani; anga likiwa safi, wanataka kundi kubwa. Kwa nini? Kwa sababu penye mawingu kila jicho lina uwezo mdogo, na wengi kukosa si ajabu. Anga likiwa jeupe na macho mia yakitazama, ukimya wa tisini na tisa unaanza kuwa na uzito wake. Usafi wa hewa ni moja ya masharti manane ya Ibn al-Haytham. Tunaweza kukhitalifu katika hukumu, na tangazo la Old Kampala likatoka tukalifuata. Lakini tusimtukane aliyeona kuwa ni mwongo, wala asiyeona kuwa ni kipofu.

Jambo hili halikomei kwenye mwezi. Anayeijua Nakivale anajua habari inavyotembea pale. Makazi hayo yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo humo wamo Wakongo, Wasomali, Warundi, Wanyarwanda na wengine. Ujumbe wa simu ukidai kwamba orodha ya kwenda Marekani au Kanada imetoka, kabla ya Isha umeshazunguka kanda zote. Mtu anaweza kuuza mbuzi, mabati au cherehani kwa habari iliyolia gizani. Mlio wa pili wa ujumbe huo huo, uliorushwa na jirani, tunauhesabu kuwa shahidi mwingine, kumbe ni mwangwi wa ule ule. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat imetuamrisha tuchunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukabaki kujuta. Mwenye elimu ya mustalah anayerusha ujumbe bila kuuliza chanzo ana hesabu nzito kuliko mama mkimbizi aliyeuamini kwa kuwa ana haja.

Na sisi wa vyuoni tuna ugonjwa wetu: kujisifu kwa Ibn al-Haytham bila kufungua ukurasa wake. Tunasema aligundua kamera, aligundua kila kitu. Yeye aliandika alichojaribu, akaeleza kipimo cha kosa lake, na alipokuta Nile haifungiki alisema haifungiki mbele ya mtu aliyeweza kumkata kichwa. Kumsifu kwa uongo ni kumvunjia heshima.

Mwisho wa safari yake

Ibn al-Haytham alifariki Cairo, baada ya mwaka ule wa 432 ulioandikwa kwa mkono wake au karibu nao, takriban 1040 Miladia. Hakuacha mali wala cheo. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikasomwa na Roger Bacon na Witelo, na kikachapwa Basel mwaka 1572. Upande wetu, Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki yapata 1319, alikisoma upya, akakikosoa palipohitajika, na kwa kutumia tufe la kioo lenye maji ndani ya chumba chenye giza akaeleza namna upinde wa mvua unavyotokea. Huyo ndiye mwanafunzi aliyemwelewa mwalimu wake.

Tumwombe Allah amrehemu, atusamehe tuliyoyasimulia kabla ya kuyahakiki, na atujaalie macho yanayoona, ndimi zinazoshuhudia haki, na ujasiri wa kusema hatujui tunapokuwa hatujui. Wallahu aalam.

Wabillahi tawfiq.